Mchaichai Kwenye Bomba

Kwa wewe ambaye gazeti la wiki iliyopita lilifungiwa karanga kabla hujalisoma, nakurudisha nyuma kidogo.

Mimi ndiye mpimaji wa idara ya maji ya mji wetu. Kazi yangu ni kuchota maji ya bomba, kuyapima, na kila mwisho wa mwezi kubandika tangazo lenye muhuri: MAJI NI SALAMA. Mtaani wananiita Daktari wa Maji, nami nilikuwa naitika.

Wiki iliyopita nilikiri kwamba kwa miezi minane sikupima kitu. Mashine ya kutia dawa kwenye maji iliharibika, na vifaa vyangu vya kupimia vikaisha. Nilipomweleza Meneja, alisema, "Nakili ya mwezi uliopita. Maji ni yaleyale, yabadilike yaende wapi?"

Nikanakili. Mara ya kwanza mkono ulisita. Mara ya pili ukazoea. Mara ya nane nilinakili huku napiga mluzi.

Kisha mke wangu, muuguzi wa wodi ya watoto, akaanza kuhesabu watoto wanaoharisha. Mtaa mmoja, watoto kumi na wanne. Minong'ono ikasambaa. Ili kuizima, Meneja akatangaza kwa kipaza sauti kwamba Jumamosi, kwenye bomba la sokoni, Daktari wa Maji mwenyewe atakunywa glasi nzima mbele ya kadamnasi.

Mimi nilisikia tangazo hilo nikiwa kwa kinyozi, nusu ya kichwa imenyolewa. Ndipo tulipoishia.

Sasa sikiliza kilichonipata.

Ijumaa nilimfuata Mzee Koki karakana. Huyu ni fundi bomba wetu mkongwe. Amefungua na kufunga koki za mji huu tangu mimi sijaota meno.

"Mzee wangu, nina shida."

"Ya maji au ya tumbo?"

"Ya tumbo. Ila inaanzia kwenye maji."

Akaniangalia kwa jicho moja, lile jingine likiwa kwenye msumeno wake. Nilimweleza mpango: nyuma ya ukuta wa soko tuweke pipa la maji safi, tuliunganishe kwa mpira na bomba lile, halafu yeye afunge koki kubwa kwa saa moja tu.

"Mwanangu, huo ni ulaghai."

"Najua, Mzee."

"Basi sawa. Mimi nilidhani hujui." Akaendelea kukata bomba lake. "Kufunga koki moja na kufungua nyingine si dhambi. Ndiyo kazi niliyoajiriwa."

Maji safi ningeyapata wapi? Nyumbani kwangu. Sisi na mapacha wetu, msomaji, hatukuwahi kunywa ya bomba bila kuyachemsha. Mji mzima niliunywesha, tumbo langu nikalionea huruma.

Wiki tatu hizo tulikuwa na mgeni, mama mkwe wangu. Gesi haiamini, anasema inachemsha juu juu. Kila asubuhi aliwasha jiko la mkaa, akatokosa sufuria kubwa, akatupia majani ya mchaichai ili kuua harufu ya moshi, akajaza madumu mawili.

Jumamosi alfajiri alinikuta nayabeba.

"Unapeleka wapi maji yangu, mkwe?"

"Kazini, Mama. Wenzangu wanayahitaji."

"Watu wa idara ya maji wanakunywa maji ya kuchemsha?"

"Wana mafua, Mama."

Akatikisa kichwa, akarudi kupuliza jiko.

Saa nne, soko lilifurika. Meneja alipanda juu ya meza ya muuza nyanya, suti imembana kwapani.

"Ndugu wananchi! Kuna watu wanasema maji yetu yanasokota tumbo. Tumbo lenyewe hili hapa!" Akanipiga kofi la tumbo. "Daktari, fungua bomba!"

Nikafungua. Maji yakatoka meupe, mazuri. Nikajaza glasi, nikanywa taratibu kama mtu asiye na wasiwasi, jambo rahisi sana ukiwa huna wasiwasi. Nikageuza glasi juu chini kuonyesha haina hata tone.

Makofi, vigelegele. Mwanamke mmoja akanifuta jasho kwa kanga yake.

Kama Meneja angeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini sifa zilimpanda.

"Nani mwingine? Njooni mwonje wenyewe!"

Hilo halikuwemo kwenye mpango. Foleni ikapangwa, na wa kwanza kwenye foleni, amevaa gauni lake la kwendea harusini, alikuwa mama mkwe. Alikuja kuona heshima ya mkwewe.

Akapewa glasi. Akanywa. Akasita. Akalamba midomo. Akaitazama glasi kama mtu aliyekutana na ndugu yake ugenini.

"Mchaichai," alisema.

"Unasemaje, Mama?" Meneja akainama.

"Maji haya yamechemshwa kwa mkaa. Na yametiwa mchaichai."

Jasho lilinitoka kisogoni likateremka hadi kwenye soksi. Nikatazama njia ya kukimbilia, nikaona imezibwa na mkokoteni wa vitunguu.

Fundi cherehani, jirani yetu wa mlango wa pili, alikuwa nyuma yake na kichanga chake mgongoni. Akachukua glasi akaonja.

"Ni kweli! Yamechemshwa!"

Nilifumba macho. Nikangoja jiwe la kwanza.

Badala yake nikasikia sauti ya mwanamume kutoka nyuma kabisa: "Kumbe idara inatuchemshia maji!"

"Na mchaichai juu!" mwingine akaongeza.

Mji ulilipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana. Meneja alinitupia jicho mara moja tu, akaelewa kila kitu, na hakupepesa. Ndiyo maana yeye ni meneja.

"Ndugu wananchi," akasema, mkono kifuani, "tulitaka iwe siri yetu. Lakini jema halijifichi!"

Walikunywa watu thelathini pipa likaisha. Mzee Koki, nyuma ya ukuta, akafungua koki kubwa. Mtu wa thelathini na moja akanywa maji ya bomba yenyewe, akashusha pumzi, akasema haya ndiyo yamekolea zaidi.

Tulirudi nyumbani mimi na mama mkwe. Karibu na mlango akauliza, bila kunitazama:

"Wale wenzako, mafua yao yamepona?"

Mkwe na mkwe huheshimiana, na siku ile heshima ilikuwa ni kunyamaza.

Jumapili nilijipongeza. Watu wametulia, Meneja ametabasamu, mimi ni mzima. Nilidhani nimeruka mkojo. Sikuangalia nilipokanyagia.

Jumatatu nilimkuta fundi cherehani anaosha jiko lake, analigeuza juani.

"Unasafiri, jirani?"

"Nisafiri wapi, Baba Mapacha! Nalipumzisha jiko. Tangu azaliwe nachemsha maji ya huyu mtoto, macho yameniiva kwa moshi. Sasa si mnatuchemshia nyie? Mungu awabariki."

Nikalitazama lile jiko lililogeuzwa.

Ningemwambia nini? Kwamba juzi alionja... hapana, ngoja niseme ukweli, maana ndiyo kazi ya ukurasa huu. Neno lilikuwa mdomoni. Lilikuwa fupi: chemsha. Nililimeza kwa sababu angeuliza kwa nini. Nikasema, "Amina."

Njia nzima ya kwenda kazini nilihesabu majiko. Lililogeuzwa hapa, lililogeuzwa pale. Watu ambao miaka yote walijilinda wenyewe bila msaada wangu, mimi nilikuwa nimewavua ngao kwa glasi moja.

Jumatano mke wangu alirudi na sare imelowa bega moja. Hakuvua viatu. Alikaa kwenye ukingo wa kiti.

"Arobaini na moja," alisema.

"Nini arobaini na moja?"

"Watoto. Kwa siku tatu. Tunawalaza wawili wawili. Na mtoto wa jirani yumo, wa fundi cherehani. Macho yameingia ndani, halii tena, ananyonya hewa." Akajifuta uso. "Kila mama ninayemuuliza ananiambia ameacha kuchemsha. Eti idara inachemsha. Nani amewaambia upuuzi huo, Baba Mapacha?"

Mama mkwe alikuwa anachambua mboga. Kisu kikasimama. Akanitazama, akasubiri. Nilijua nisiposema mimi, atasema yeye, na akisema yeye sitakuwa tena na uso wa kumwamkia.

Nikasema. Pipa, mpira, madumu, mchaichai. Miezi minane. Yote.

Nilitegemea kelele. Mke wangu hakupiga kelele. Aliuliza swali moja.

"Na ulipomwona anageuza jiko lake, ulimwambia nini?"

"Nilimwambia amina."

Akainuka, akachukua mkoba wake, akarudi wodini ingawa zamu yake ilikuwa imekwisha.

Asubuhi niliingia kwa Meneja bila kubisha hodi. Nilimkuta juu ya kiti, anapigilia msumari ukutani.

"Umekuja wakati mzuri. Nishikie hii." Ilikuwa barua ya pongezi kutoka makao makuu, imetiwa kwenye fremu. Idara bunifu kuliko zote. "Wanataka tuandike jinsi tulivyofanya, ili na miji mingine iige."

"Meneja, watoto wanaumwa. Tuwaambie watu wachemshe."

"Tuwaambie nini hasa? Kwamba tuliwachemshia siku moja, tukachoka?"

"Tuwaambie ukweli."

Akashuka kwenye kiti. Akanishika bega kwa upole, kama baba.

"Kijana, mwandiko kwenye matangazo yote ni wa nani? Muhuri uko kwenye droo ya nani? Mimi sijasaini hata moja. Huo ukweli wako, ukitoka, unatoka na jina moja tu. Nyoosha hiyo fremu, imelalia kulia."

Nikainyoosha. Nakiri na hilo.

Lakini nilipotoka pale nilikwenda moja kwa moja kwenye droo yangu. Nikaandika kwa herufi kubwa: MAJI YA BOMBA SI SALAMA. CHEMSHENI KABLA YA KUNYWA. IDARA HAICHEMSHI MAJI. HAIJAWAHI. Nikagonga muhuri mpaka meza ikaruka. Nikabandika sokoni, kwenye ukuta wa shule, na kwenye lango la kituo cha afya.

Kwa mara ya kwanza katika miezi minane nilitembea kifua mbele. Nilikaa ofisini nikangoja mji uje juu yangu. Nilikuwa tayari hata kupigwa.

Saa sita Mzee Koki alinijia anahema.

"Umeandika wewe lile tangazo?"

"Mimi. Wamekasirika?"

"Wamekasirika sana. Wamemkamata Mama Mkaa."

Sikuelewa. Ikabidi anieleze kama anayemweleza mtoto. Watu walisoma tangazo, wakacheka. Mmoja akasema hii ni kazi ya adui. Mwingine akauliza, je, watu wakichemsha maji, nani anafaidika? Wakageuka wote kwa pamoja. Upande wa pili wa soko, kwenye kibanda chake, alikuwa amekaa Mama Mkaa juu ya magunia ya mkaa yasiyonunuliwa tangu Jumamosi.

Hawakumpa hata salamu. Walimburura hadi kwa afisa wa mtaa kwa kosa la kughushi tangazo la serikali.

Nilikimbia. Kiatu kimoja kilinivuka njiani, sikurudi kukiokota.

Ofisi ya afisa wa mtaa ni chumba kimoja chenye meza, kabati la chuma na benchi. Afisa mwenyewe ni mama wa makamo asiyepandisha sauti, na ndiyo maana anaogopwa. Mama Mkaa alikuwa kwenye benchi, mikono mipana myeusi juu ya magoti, kitambaa cha kichwa kimechanika. Dirisha limejaa vichwa vya watu.

"Mheshimiwa," nikasema, "mwachie huyu mama. Tangazo nimeandika mimi."

Vichwa vya dirishani vikaangua kicheko.

"Mwone alivyo na roho nzuri!" mmoja akasema. "Anataka kumbebea mzigo!"

Mama Mkaa hakucheka. Aliniangalia. "Tangu asubuhi nawaambia," alisema kwa sauti ndogo, "mimi hata jina langu naliandika kwa kuliangalia kwenye kadi. Hilo 'haijawahi' ningelitoa wapi?"

Afisa akaweka karatasi mbili mezani, moja kando ya nyingine.

"Hili la mwezi uliopita, 'Maji ni salama'. Nani aliandika?"

"Mimi."

"Na hili la leo, 'Maji si salama'?"

"Mimi."

"Mwandiko mmoja, muhuri mmoja. Nishike lipi?"

"La leo, Mheshimiwa. Lile lilikuwa uongo."

"Umejuaje lilikuwa uongo?"

"Kwa sababu sikupima."

Akachukua kalamu. Akaandika kidogo. Kisha akainua macho.

"Na hili la leo, umepima?"

Msomaji wangu, nimeshaulizwa maswali mengi maishani. Na polisi, na wakwe, na mwalimu wa hesabu. Hakuna lililonivua nguo kama hilo.

"Sijapima," nikasema.

"Kwa hiyo umetuletea uongo ambao hukuupima, na sasa ukweli ambao hukuupima."

Dirishani hawakucheka tena.

Afisa akampigia Meneja simu, akaiweka mezani ili wote tusikie. Sauti ikatoka laini kama mafuta.

"Huyo kijana wetu tumempa likizo tangu Jumatatu, Mheshimiwa. Amefanya kazi mno, kichwa kimechoka. Msimkasirikie. Mrudisheni nyumbani taratibu, na asisumbuliwe."

Miezi minane nadanganya, hakuna aliyesema naumwa. Siku moja ya ukweli, nimekuwa mgonjwa wa akili.

"Basi," afisa akasema, akifunga kalamu, "huyu mama atalala polisi mpaka ijulikane kama ndiye aliyekutuma. Na wewe nenda kapumzike."

"Mheshimiwa, nipe nafasi nipime!"

"Utapimia nini? Si umesema vifaa vimeisha?"

Mama Mkaa akashusha pumzi, akaanza kujifunga upya kitambaa chake kilichochanika, kama mtu anayejiandaa kwa safari.

Watu wa mlangoni wakasogea. Mke wangu akaingia, sare yake ileile ya jana. Nyuma yake mama mkwe, aliyekwenda kumwita. Hakunisalimia. Akaweka mezani vichupa vitatu vidogo, kila kimoja kina karatasi ndani.

"Hivi vilibaki kwenye kabati la kituo, Mheshimiwa. Unajaza maji, unafunga, unaweka mahali penye joto hadi kesho. Maji yakiwa na uchafu wa chooni, yanageuka meusi. Yakiwa safi, yanabaki vilevile. Hapo hakuna wa kudanganya."

Afisa akakigeuza kimoja mkononi.

"Jazeni kimoja kwenye bomba la sokoni. Kimoja hapa kwangu. Mbele ya macho yangu."

Tulijaza viwili hivyo, afisa akasimama na mwavuli akiangalia kama refa. Kisha akasema: "Muuguzi atavitunza, maana namwamini. Kesho saa sita nitakuja kuvitazama. Vikiwa vyeupe, ninyi wawili, wewe na Mama Mkaa, mtajibu kwa kuutia mji hofu. Vikiwa vyeusi, utajibu peke yako kwa miezi minane. Mama, nenda nyumbani. Lakini usiondoke mjini."

"Niende wapi na magunia yote yale?" Mama Mkaa akajibu.

Chunguza hali yangu. Nilikuwa mtu wa kwanza katika mji ule kuomba dua maji yawe machafu.

Ijumaa saa nne na nusu asubuhi mke wangu alinipigia. "Njoo," alisema, akakata.

Wodi ilikuwa imejaa hadi koridoni. Nilipita kati ya kina mama waliokaa chini, kila mmoja na kikombe na kijiko, anamnywesha mwanawe dawa ya pakti iliyokorogwa kwenye maji. Kitanda cha dirishani nilimwona fundi cherehani. Kichanga chake kilikuwa kinatazama dari. Aliniona, akanipungia. Bado alikuwa hajui.

Mke wangu alinivuta kwenye chumba kidogo cha dawa, mlango akauacha wazi kidogo ili asikie wagonjwa. Kwenye rafu, karibu na ndoo kubwa ya maji ya kunywa ya wodi, ile yenye koki chini, vilikuwa vimepangwa vichupa.

Cha sokoni: cheusi. Cha kwa afisa: cheusi.

Mama Mkaa amepona. Mimi nimekwisha. Na ajabu ni kwamba nilijisikia mwepesi, kama mtu aliyetua gunia.

"Asante Mungu," nikasema. "Mama Mapacha, umeniokoa kwa kunizamisha."

Ndipo nikaona mikono yake. Alikuwa ameshika kichupa cha tatu.

"Hiki kilibaki bure," alisema. "Jana niliona tusikipoteze. Nikajaza maji ya wodi, ya kwenye ndoo hii. Yaliyochemshwa. Nilitaka kiwe cheupe, ili afisa aone tofauti."

Akafungua kiganja.

Kilikuwa cheusi kuliko vyote. Kama wino.

"Haiwezekani," nikasema.

"Nayachemsha mwenyewe. Kila zamu, kwa mkono wangu. Sijui ni ndoo, sijui ni wenzangu wanajazia ya bomba nisipokuwepo. Sijui." Sauti yake haikuwa na machozi, ilikuwa kavu. "Watoto wote hawa, dawa yao inakorogwa kwa maji haya. Wanakuja wanaharisha, tunawapa, wanaharisha zaidi, tunawaongezea. Mtoto wa jirani aliingia Jumanne anakaa mwenyewe."

Nikanyoosha mkono. "Nipe. Afisa aone vyote vitatu."

Akakirudisha kifuani.

"Kina mama hawa wakisikia, leo hii watabeba watoto wao wakimbie nao. Watawapeleka kwa nani? Nusu yao watafia njiani. Nipe hadi jioni tu. Naimwaga ndoo, naisugua, nachemsha upya mbele ya macho yangu. Kesho maji ni safi, watoto wamebaki, hakuna aliyejua. Hivi viwili vinatosha kumwokoa Mama Mkaa."

"Mama Mapacha..."

"Nimekuomba kitu gani tangu unioe?"

Miaka tisa ya ndoa, msomaji, na sikumbuki kitu. Mimi niliyeudanganya mji mzima kwa sababu meneja alisema "nakili", sasa naombwa uongo wa siku moja na mtu mkweli kuliko wote ninaowajua, na kila alichosema kilikuwa na maana.

Kabla sijajibu, viatu vikasikika koridoni. Afisa wa mtaa alikuwa amekuja mapema. Nyuma yake Mama Mkaa, na kitambaa kipya kichwani.

Kichupa cha tatu kikaingia mfukoni mwa sare.

"Habari za kazi, muuguzi. Vimesemaje?"

Mke wangu akaonyesha rafu kwa kidevu. Afisa akainua kimoja kwenye mwanga, akainua cha pili. Alivirudisha polepole sana.

"Mama Mkaa, nenda kafungue kibanda chako. Utaombwa radhi hadharani, hilo niachie mimi." Kisha akanigeukia. "Wewe, tutaondoka pamoja. Lakini kwanza niambie, maana sasa nataka kusikia jambo lililopimwa. Kuna kingine ninachopaswa kujua?"

Nikamtazama mke wangu. Mkono wake ulikuwa mfukoni.

"Samahani jamani, nipisheni kidogo."

Alikuwa fundi cherehani. Alipenya kati yetu, kikombe kitupu mkononi, pakti ya dawa imebanwa kwenye meno. Akaitoa mdomoni, akatabasamu, mara ya kwanza tangu Jumanne.

"Amenyonya kidole, Baba Mapacha! Nadhani ana kiu. Kiu ni dalili nzuri, si ndiyo, nesi?"

Mke wangu akaitazama ndoo.

Fundi cherehani akainama kwenye ndoo, akaweka kikombe chini ya koki, akafungua.